Kuku wa Kwenye Sabuni

Kwa kutia chumvi sina mpinzani. Jina nililopewa na wazazi wangu lilishakufa zamani. Jengo zima wananiita Babu Chumvi, na mwenye nyumba aliwahi kuliandika hivyo hivyo kwenye risiti ya kodi. Miaka thelathini na moja nimeendesha lifti ya jengo la maofisi, napandisha watu na kuwashusha, na mtu akifungiwa kwenye sanduku la chuma miaka yote hiyo bila kutunga uongo kidogo atarukwa na akili. Ndiyo maana nikisimulia kwamba lifti yangu iliwahi kukwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita mpaka waliokuwamo wakachumbiana, wakaoana, na fundi alipofika akawakuta wanagombania vyombo, watu hucheka na hakuna anayedai ushahidi.

Haya ninayoyaandika sasa hayana chumvi. Natamani yangekuwa nayo.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye kiwanda cha sabuni. Kazi yake ilikuwa kumwaga. Kuna dawa kali ya kupikia sabuni, wenyewe wanaiita kostiki; inakuja kama chenga nyeupe, inayeyushwa kwenye maji mpaka maji yanafuka, halafu inamwagwa kwenye mafuta. Kostiki haina utani na mtu. Tone moja likikaa kwenye ngozi linachimba. Glavu zilikuwa jozi moja kwa watu watatu, wakawa wanazivaa kwa zamu, na siku isiyokuwa zamu yake chombo kikateleza. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilipona vimejikunja kama kucha za ndege aliyeshika tawi. Kiwanda kikampa mapumziko ya wiki mbili na katoni moja ya sabuni.

Katoni ya sabuni! Niliposikia hilo niliita mkutano wa jengo zima pale uani, penye kamba za nguo na bomba. Nikasimama juu ya kreti la soda. Nikasema mtu anayenunua sabuni ya kiwanda kile ananawa kwa ngozi ya mwenzake. Nikasema zama hizi si za kununua kwa macho tu, mtu anunue kwa akili na kwa utu, aulize kitu kimetoka mikononi mwa nani. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalitoka mazuri. Mwalimu wa ghorofa ya tatu, mama mmoja mkali anayevaa miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Babu Chumvi," akadakia jirani yetu Fundi Saa kutoka nyuma, "na hii nayo ni ya lifti?"

Watu wakaangua kicheko. Shemeji alinyanyua tu ule mkono wake juu, akauacha hapo. Kicheko kikakatika.

"Mimi sabuni najua kuipika," akasema. "Lakini yangu haipikwi leo ikauzwa kesho. Ikitoka kwenye fremu ya kugandishia inakaa rafuni wiki sita inaiva, ukiiharakisha inakuchuna. Kwa hiyo nataka kujua mapema nani atanunua, na vipande vingapi kwa mwezi. Na mtu asininyanyulie mkono kwa kunihurumia. Huruma haiogeshi mtoto."

Mikono ikapanda kama nguo kambani siku ya upepo. Wa kwanza ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeandika orodha, kwa mwandiko wangu wa kujifundisha, kaya arobaini na moja, kila moja na vipande vyake. Na mwishoni, kwa kuwa kalamu ilikuwa imeshika moto, nikaongeza ya kwangu: *na majirani wengi watafuata*. Hakuna jirani aliyekuwa ameniambia hivyo.

Shemeji aliichukua karatasi ile akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Kwa karatasi ile aliuza cherehani yake, akakodi stoo iliyo nyuma ya jengo letu, akanunua mapipa ya mafuta, na akamwita mwenzake mmoja waliyekuwa wakipokezana glavu aje wafanye kazi pamoja. Safari hii kila mtu na glavu zake.

Kwa ajili ya muhuri alichonga mwenyewe kipande cha mbao kwa kisu cha jikoni. Alinionyesha kipande cha kwanza kabisa.

"Shemeji, hiki kiatu ni cha nini?" nikamuuliza.

"Kiatu? Huyo ni kuku!"

"Kuku gani ana kisigino?"

"Huo ni mkia, mzee usiyeona. Na hiki kitone ni jicho. Anakuangalia, shika adabu."

Nikacheka, nikachukua vipande vinne.

Mwezi wa kwanza tulinunua wote. Tulikuwa tunakutana ngazini tunanusishana mikono. Sabuni yenyewe, nisimsingizie mtu, ilikuwa nzuri. Haikuwa na povu jingi, haikunukia maua wala ndimu, ilinukia usafi tu, na bei yake ilizidi ya kiwandani kwa kiasi kidogo tu: mtu angeacha soda moja ya wikiendi, ingetosha. Hakuna aliyekuwa anashindwa. Nalisema hili kwa sababu baadaye kila mtu alikuwa na hadithi ya ugumu wa maisha, na mimi ya kwangu ilikuwa ndefu kuliko zote.

Mwezi wa pili kiwanda kikaleta ndoo.

Ukinunua sabuni tano zilizofungwa pamoja, unapewa bure ndoo ya rangi ya chungwa, ina mfuniko, ina mkono wa chuma uliovikwa mpira, na ubavuni imechorwa mama anayecheka. Supamaketi walizipanga mlangoni mpaka juu karibu na taa. Mimi niliingia kununua chumvi. Cheka ukitaka, ndivyo ilivyokuwa. Niliingia kununua chumvi, nikatoka na ndoo.

Linaloniumiza ni kwamba sikupigana na nafsi yangu nikashindwa. Ningekuwa nimepigana, leo ningekuwa na la kujitetea. Hapakuwa na pigano. Sikuukumbuka mkono wa mtu, sikulikumbuka kreti la soda, wala hotuba, wala machozi ya Mwalimu. Niliiona ndoo, nikaona kwamba ina mfuniko. Nilipofika ghorofa ya nne, nimeshaweka mzigo chini, ndipo nikakumbuka, nikaisukuma ile ndoo uvunguni kwa mguu.

Basi tangu siku hiyo nikawa na sabuni mbili. Ya kiwandani nilinawia, niliogea na kufulia. Ya shemeji, kipande cha mwisho cha vile vinne, niliiweka kwenye kisahani cha bluu juu ya sinki, kwa ajili ya macho yake. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa anapita kunisalimu, na mimi nikisikia tu hatua zake ngazini nakimbilia sinki, nakichovya kile kipande majini, nakirudisha. Akiingia anakikuta kimelowa, kinang'aa.

"Nikuongezee vingine, shemeji?"

"Ah, bado ninacho. Mzee mmoja mjane ananawa mara ngapi?"

"Haya. Watu wa jengo hili ama hamna uchafu, ama nimewapikia sabuni isiyoisha. Kila mlango nikigonga, 'bado ninacho'. Mpaka Fundi Saa, mwenye watoto watano!"

Alikuwa anacheka alipokuwa akisema hayo. Mimi pia nilicheka. Stoo, rafu zilikuwa zimejaa mpaka dirishani, kuku kwa kuku, zimeiva na zinaendelea kuiva. Mafuta ya kupika awamu nyingine hakuwa nayo. Mwenzake aliondoka mwezi wa nne.

Mwezi wa tano maji yakakatika. Siku ya kwanza tukavumilia, siku ya pili tukanunua ya chupa, siku ya tatu asubuhi lori la maji likaja likapiga honi uani. Mnajua honi ya lori la maji. Mtu hachagui chombo, anakamata kikubwa alichonacho anashuka nacho mbio.

Kikubwa nilichokuwa nacho kilikuwa uvunguni.

Nikajiambia: asubuhi hii shemeji yuko sokoni. Nikashuka. Kwenye ngazi za ghorofa ya tatu mlango ukafunguka, akatoka Mwalimu na ndoo ya rangi ya chungwa. Tukasimama. Wale akina mama wawili waliochorwa ubavuni wakawa wanachekeana, sisi hatucheki.

"Ya dada yangu," akasema Mwalimu.

"Yangu nimeiokota," nikasema.

Tukashuka bila neno jingine. Na tulipotokea uani nikaona kumbe hapakuwa na haja ya kudanganyana. Foleni nzima, kutoka kwenye lori mpaka kwenye kamba za nguo, ilikuwa kama shamba la machungwa wakati wa mavuno. Fundi Saa alikuwa na mbili. Dada wa saluni ya chini alikuwa na mbili na mfuniko wa tatu. Hakuna aliyekuwa anamwangalia mwenzake. Kila mtu alikuwa anaangalia mpira wa maji kana kwamba hajawahi kuona maji yakitoka.

Ndipo shemeji akaja kutoka stoo, na lile sufuria lake kubwa la kupikia sabuni, limeungua chini, jeusi tititi.

Mwenyezi Mungu anajua nilichofanya, na sasa na ninyi mjue. Niliishusha ndoo yangu taratibu, nikaisukuma kwa kisigino nyuma ya tairi la lori, nikasimama mikono mitupu, nimeifunga nyuma kama mkaguzi wa shule.

Shemeji alipita akiifuata foleni kutoka mbele hadi nyuma. Fundi Saa akaigeuza ndoo yake ili mchoro uelekee miguuni kwake. Kumbe ule upande wa pili nao una mchoro, yule mama akatokea tena anacheka. Dada wa saluni akatanua gauni. Shemeji alisimama mbele ya Mwalimu.

"Ndoo nzuri," akasema. "Ina mfuniko?"

"Ina... ndiyo, ina mfuniko," akajibu Mwalimu, ambaye wanafunzi wake wanamwogopa kuliko polisi, kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Vizuri. Vumbi haliingii."

Akaja akasimama karibu yangu, mwisho wa foleni.

"Wewe shemeji chombo chako kiko wapi?"

"Mimi? Nimeshuka kuwasimamia tu hawa wasigombane."

Mara dereva wa lori, jitu lenye sauti ya pipa, akapiga kelele: "Ya nani hii ndoo nyuma ya tairi? Nitaikanyaga!"

Kila mtu akaangalia mpira wa maji.

"Nauliza ya nani! Mpya kabisa!"

Mwalimu alinitazama. Fundi Saa alinitazama. Wangeweza kunitaja, na haki yao. Hawakunitaja, mwenye ndoo mkononi atamtaja nani? Nami nikatazama juu, nikachunguza mawingu.

"Basi ni yangu," akasema dereva, akairushia kwenye kiti cha mbele. Lori likaondoka na ndoo yangu, na mimi sina hata tone la maji.

Adhuhuri nikasikia hatua ngazini, nzito, za kupumzika kila baada ya vidato vichache. Nilipofungua mlango, nilimkuta shemeji na lile sufuria jeusi, limejaa nusu. Ghorofa ya nne. Alikuwa amelibeba kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia, wenye vidole vilivyojikunja, ameupitisha chini ya mshikio kama ndoano. Bila kungoja karibu akaingia, akanimiminia maji yote kwenye beseni langu.

"Hukuwa na ndoo," akasema akihema. "Nimeangalia jengo zima. Wewe peke yako hukuwa na ndoo."

Hapo, msomaji, ndipo palipokuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, maji yalikuwa bado yanatikisika kwenye beseni, na maneno matatu tu yangetosha: *ndoo ile yangu*. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliouiga kwa watu wema niliowahi kuwapandisha lifti, nikasema, "Ahadi ni ahadi, shemeji."

Macho yakamjaa. "Marehemu dada alikuwa anasema wewe una maneno mengi lakini moyo unao. Mimi nilikuwa nabisha."

Mikono yake ilikuwa imeshika masizi ya sufuria. Nami, kwa kuwa sifa ni kama pilipili, ukishaonja moja unataka na ya pili, nikakimbilia sinki mwenyewe. Sikungoja akione mwenyewe, nilikwenda kukileta kile kisahani cha bluu kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta cheti.

"Nawa, nawa. Kwa sabuni yako mwenyewe. Hapa haijaingia nyingine."

Akakichukua kile kipande. Akakilowesha. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba juu yake, taratibu, akapitisha tena.

"Hii nilikupa lini?"

"Ah, hii... juzijuzi hii."

"Shemeji." Hakupandisha sauti. "Huyu kuku nimemchonga mimi. Jicho lake halikai. Ukinawa mara tatu limefutika. Mkia siku ya nne. Wiki ya pili hakuna kuku, kuna kipande cheupe tu."

Kuku alikuwa mzima. Mkia wake, kisigino chake, na lile jicho, kitone kile kile, linaniangalia kama siku lilipotoka kwenye fremu. Miezi mitatu ya kumchovya na kumtoa haikuwa imemfanya kitu. Sabuni huliwa na msuguano, si na maji. Mpika sabuni yeyote analijua hilo. Mwendesha lifti hakulijua.

"Mimi nanawa polepole," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo.

Hakucheka. Alinishika mkono wangu, akauinua mpaka puani, akaunusa. Sikuuvuta. Najua alichokinusa: maua. Sabuni ya kiwandani inanukia maua yasiyoota popote.

"Ile ya nyuma ya tairi," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akanawa. Alinawa na kile kipande changu, kwa vidole vile, akisugua kwa muda mrefu kuliko masizi yalivyohitaji. Maji meusi yakashuka kwenye sinki. Akajifuta kwa nguo yake mwenyewe, taulo langu hakuligusa.

"Wale wa uani ndoo zao nimeziona, nikasema moyoni, watu ndivyo walivyo, nao wana shida zao, nitafanyaje. Sikukasirika sana." Akalichukua sufuria lake. "Lakini haya maji nimekupandishia ngazi zote hizi kwa mkono huu."

Akaondoka. Kwenye kisahani jicho halikuwapo tena.

Stoo ilifungwa baada ya wiki tatu. Akarudi kiwandani, kwenye kumwaga kule kule, maana ndiyo kazi anayoijua na huko walikuwa bado wanamtaka. Asubuhi ya kwanza nilimngoja chini ya ngazi. Sikuomba msamaha, kila nilipoutunga ulitoka mzuri mno, nikauogopa. Nikamwomba tu nimbebee mfuko wa chakula. Akanipa bila kunitazama. Tukaenda kwa miguu, tukapita supamaketi, gereji, ukuta mrefu wa kiwanda wenye picha ya yule mama anayecheka, mkubwa kuliko lori.

"Glavu je?" nikauliza.

"Wanasema sasa ni jozi moja kwa watu wawili."

"Maendeleo," nikasema. Mdomo wangu una mazoea mabaya.

Getini wafanyakazi walikuwa wanaingia mmoja mmoja, mlinzi anawapekua mifuko. Shemeji akapokea mfuko wake, akasimama kidogo.

"Haya, mzee. Nisindikize na moja. Nipe ile ya lifti."

Nikafungua kinywa. Miaka yote nimeisimulia kwenye misiba na kwenye harusi, naijua kama njia ya chooni. Haikutoka. Nilisimama pale nimefungua kinywa, watu wanapita.

"Chumvi umekosa uongo?" akasema. "Leo dunia inaisha."

"Shemeji," nikasema, "safari ijayo tutanunua."

Alinitazama. Halafu akacheka. Alicheka mpaka mlinzi akaacha mfuko aliokuwa anaupekua akageuka, mpaka akajishikilia kwenye geti kwa ule mkono.

"Hiyo," akasema akifuta macho, "hiyo ndiyo kubwa kuliko zote ulizowahi kutunga." Akaingia, bado mabega yanamtikisika.

Nami nilikuwa nasema kweli. Nilisema kwa moyo wangu wote, na yeye alikuwa na haki ya kucheka.

Sabuni zilizobaki stoo nilizichukua mimi, ziko uvunguni mahali pa ndoo. Nazitumia. Kila kipande kipya namwangalia kuku mpaka jicho linafutika, kisha nakaa siku mbili tatu kwa amani kidogo. Majirani hawanionei tena haya wala mimi siwaonei, tumeshajuana. Juzi Fundi Saa alinisimamisha ngazini, uso unang'aa.

"Babu Chumvi, nimelitafakari lile jambo. Sasa si tununue tu ya kiwandani kwa moyo mweupe? Shemeji yako ndiye anayeimwaga. Tukiisusa tutamkosesha kazi!"

Nilipaswa kumjibu. Nilichosikia kifuani, kabla sijatafuta jibu, kilikuwa nafuu. Kama dakika nzima, nilisikia nafuu.

Jana niliingia supamaketi kununua chumvi. Ndoo zimekwisha. Sasa ukinunua sabuni tano unapewa jagi. Nilichukua chumvi yangu, nikalipa, nikaelekea mlangoni bila kugeuza shingo, na mlangoni nikageuka.

Ni la bluu, lina mfuniko.